Mvua Kwenye Maji ya Chumvi

Mama alitaka niache bahari. Alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kufundisha sayansi kwenye sekondari moja hapa Tukuyu, na likizo ile nilijua kabisa kwamba nisipopata radhi yake sitarudi melini. Kwetu huondoki nyumbani huku mama amenuna.

Tulikuwa jikoni kwake, kijijini Lupepo, anamenya ndizi, akaniuliza hasa huwa nafanya nini huko. Nikamweleza kwamba meli yetu ni ya utafiti, tunashusha baharini chombo kinachopima joto la maji, chumvi na oksijeni. Kimezungukwa na chupa kubwa, kila moja hujifunga kwenye kina chake. Kikipandishwa, maji yale tunayagawa kwenye vichupa ili tuyapime tena maabara. Kichupa cha oksijeni hujazwa kwanza, polepole, lisiingie hata povu. Cha chumvi hufuata.

Nikamsimulia na kosa langu. Siku moja mvua ilianza tukiwa tunagawa maji. Wenzangu, watu wa Pwani, wakakimbilia ndani kama paka. Mimi nikaendelea. Mtu wa kwetu Rungwe akisubiri mvua ikatike atalala njaa. Sisi chai tunachuma nayo, sokoni tunauza nayo, hata maiti tunazika nayo. Nilijiona hodari kweli. Jioni vichupa vyangu vikaonyesha chumvi kidogo kuliko kile chombo kilivyopima. Mvua ilikuwa imeingia. Niliona aibu, na niliogopa kufukuzwa.

Kiongozi wa safari hakufoka. Aliirudisha meli palepale, tukashusha chombo upya, na mvua nayo ikarudi. Safari hii alisimama pembeni yangu na mwavuli mpaka nikafunga kichupa cha mwisho. Mwavuli ulifunika vichupa. Mimi nililowa chapachapa. Hilo nilimwambia mama kwa majivuno, maana siku ile ndiyo niliyojua kwamba wananihitaji.

Mama hakucheka. Alisema huyo mwenye mwavuli hana adabu, mtoto wa watu ananyeshewa, chupa inafunikwa. Mkubwa hajibizwi. Akaosha ndizi, akazipanga sufuriani, akainama kupuliza moto. Nilishaanza kuwaza jinsi ya kuwaaga wenzangu wa melini, na moyo uliniuma.

"Ukirudi huko," akasema bila kunitazama, "uwe unasimama karibu na chupa."