Sindano Iliingia Mwilini mwa Nani

Ziwa lilipopanda, nyumba ya Agneta na mumewe Lukeba haikuondoka kwa kishindo. Kwanza maji yaliingia jikoni. Kisha ukuta wa nyuma ukalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, na asubuhi moja wakaukuta umelala chini. Walitoa kitanda, masufuria na bati chache, wakahamia kwa mama yake Lukeba, mtaa wa juu pale pale mjini Rumonge, katika chumba kimoja walichokigawa kwa pazia.

Agneta alikuwa mtoto wa wakimbizi. Alizaliwa na kusoma kambini Tanzania, na wazazi wake waliporudi Burundi alirudi na Kiswahili cha huko, kilichonyooka kiasi kwamba wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walimcheka sokoni: "Musikie Mutanzania!" Lukeba alimpendea hicho hicho. Yeye alikuwa fundi wa mota za mitumbwi, na mama yake alivuka kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, kwa hiyo kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani. Walikuwa na mtoto mmoja, Ineza, aliyekuwa anaanza shule.

Siku moja, mama mkwe akiwa sokoni, Lukeba alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamwambia mkewe:

"Mama Ineza, hapa hatuwezi kuzaa. Mutoto tutamulaza wapi? Nenda upate ile sindano ya kupanga uzazi. Siku tukijenga, utaacha."

"Na mama yako?"

"Mama hapana kumwambia. Hii iko ya sisi wawili."

Akampeleka mwenyewe kwenye kituo cha afya, amempakia nyuma ya baiskeli. Kwenye benchi walimkuta Kulthumu, mama wa Kiislamu aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaelimisha wanawake juu ya afya. Lukeba alimsalimu, akataniana naye. Muuguzi alipomuuliza Agneta kama mumewe anajua, Lukeba alijibu kutoka mlangoni, akijigusa kifua, "Bwana yake njo mimi!" na wanawake wote kwenye foleni wakacheka. Agneta alitoka mle ndani na fahari kidogo. Wenzake wengi walikuja wakijificha, yeye aliletwa.

Muuguzi alimweleza kwamba damu inaweza kutoka ovyo mwanzoni, kisha ikakatika kabisa, na kwamba hilo lisimtishe. Habari ya siku atakayoacha hakuigusa. Agneta naye hakuuliza, kwa sababu siku hiyo ilionekana mbali mno.

Ikawa kama alivyoambiwa. Kwa wiki nyingi matone yalikuja na kwenda bila utaratibu, baadaye yakakoma. Akawa anarudi kila baada ya miezi mitatu kuchomwa nyingine, na miaka ikapita. Mwanzoni aliona ni nafuu. Hakufua vitambaa, hakuumwa kiuno. Aliyeshtuka ni mama mkwe, aliyekuwa anahesabu kila kinachoanikwa kwenye kamba ya uani.

"Vitambaa vyako haviko ku kamba," alimwambia mkwewe siku moja, uso umejaa furaha. "Mungu ametukumbuka!"

Akaanza kumpa Agneta kipande kikubwa cha samaki, akamkataza kubeba ndoo. Agneta alimwangalia Lukeba ng'ambo ya sahani, akimngojea aseme neno. Lukeba alimega ugali wa muhogo, akachovya mchuzi, akala. Tumbo lilipokosa kuonekana, samaki akawa mdogo tena, na ndoo ikarudi kichwani mwa Agneta. Lukeba alipoulizwa faraghani alisema, "Vumilia, tutajenga."

Na kweli wakajenga. Walipata kiwanja njia ya kwenda Kigwena, mbali na maji, wakasimamisha vyumba vitatu, na mama mkwe akachukua kimoja. Siku ile ile bati zilipopigiliwa, Lukeba alisema, "Sasa acha sindano. Nataka mutoto mwanaume."

Agneta aliacha. Akakaa akiungoja mwili wake kama mtu anavyomngoja mgeni aliyeahidi kuja: kila sauti nje ni yeye. Kiuno kikimuuma, alisema damu ndiyo hiyo. Akipata kichefuchefu, alisema labda mwili umeruka damu, ni mimba moja kwa moja. Haikuwa damu, haikuwa mimba. Chumba kipya kikanuka saruji, kikakaa mpaka harufu ikaisha, na yeye bado mkavu.

Alirudi kituoni peke yake. Muuguzi yule alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo, mwanamke mchanga mwenye haraka, alimpima, akamwambia hana ugonjwa wowote.

"Sindano hii inakawia kutoka mwilini. Wengine wanangoja mwaka, hata kupita. Hawakukuambia?"

"Hapana."

"Walipaswa kukuambia. Itarudi. Ngoja."

Njiani kurudi Agneta alilia, na kilichomliza si kungoja. Kama angeambiwa mapema, angengoja kwa amani, tena angemwambia mumewe wangoje wote wawili. Jioni alimweleza Lukeba kila neno. Lukeba alikuwa anasugua grisi mikononi kwa mafuta ya taa. Alisema, "Mwaka mzima?" akaendelea kusugua.

Mama mkwe naye hakutulia. Alileta unga wa mizizi kutoka kwa mwanamke wa Magara, dawa ya kusafisha tumbo, akasimama hapo hapo mpaka Agneta akamaliza kikombe. Agneta alitapika siku mbili, akakonda. Halafu mwanamke fulani sokoni akamtobolea mama mkwe siri: mkweo tulikuwa tunamwona kwenye foleni ya sindano, kwani hukujua?

Ndipo akaitwa Zakaria, kaka wa mama mkwe, mtu mzima anayeheshimiwa. Walikaa sebuleni, mlango wazi. Agneta alikalishwa kwenye mkeka, Lukeba kwenye kiti.

"Mukwe," Zakaria alianza taratibu, "iko kweli ulipigisha sindano ya kufunga uzazi?"

"Ni kweli, mjomba. Si ya kufunga. Ni ya kupumzisha."

"Bwana yako alijua?"

Agneta alimgeukia Lukeba, kwa sababu jibu lilikuwa lake. Alikuwa na hakika kabisa. Miaka yote ile aliona ukimya wa mumewe ni uoga wa mtoto kwa mama yake, na aliamini kwamba siku akiulizwa uso kwa uso, atasema.

Lukeba alitazama vidole vyake. "Sikukuwa najua," alisema. "Kama ningekuwa najua, ningemukataza."

Agneta baadaye alisimulia kwamba hakusikia hasira wakati ule. Alisikia baridi, kama mtu aliyetumbukia ziwani amevaa nguo.

"Baba Ineza, wewe ndiye ulinipeleka. Ulinipakia kwenye baiskeli."

"Huyu mwanamke amezidi sasa," Lukeba alimwambia mjomba wake.

Agneta aliinuka, akatoka bila viatu mpaka nyumbani kwa Kulthumu. Alimkuta anapepeta mchele.

"Mama Kulthumu, njoo useme ulichokiona."

Kulthumu aliweka ungo chini. "Mwanangu, mambo ya wanawake niliyoyaona pale siyasemi. Nikisema ya mmoja, hakuna atakayenifungulia mlango tena."

"Siri ni yangu, nami ninaifungua. Leo mbele yao."

Kulthumu alifikiri, kisha akajifunga mtandio, wakafuatana. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema wazi: Lukeba alikuwepo, alimsalimu, alimjibu muuguzi kwa kinywa chake, na watu walicheka. Alipomaliza, Zakaria alimtazama mpwa wake. Lukeba hakuinua kichwa. Kila aliyekuwepo alielewa. Agneta alivuta pumzi, akidhani kwamba limekwisha.

Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Sawa, alimupeleka. Mwanaume anaweza kusema neno, kesho amelisahau. Lakini sindano iliingia mu mwili ya nani? Si yake Lukeba."

Zakaria alikohoa. Angeweza kusema kitu. Badala yake aliomba maji ya kunywa, akasema wanandoa wavumiliane, akaondoka kabla mvua haijamkuta njiani. Kulthumu naye aliaga. Ukweli ulikuwa umesemwa mbele ya wote, na haukubadilisha hata mahali pa kukalia: Lukeba kwenye kiti, Agneta kwenye mkeka.

Haukupita muda mrefu, Lukeba akaanza kulala Magara, ambako, alisema, mitumbwi ya uvuvi ina kazi nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa na jina, Riziki, binti wa mchuuzi wa samaki. Agneta alipofunga virago kwenda Minago kwa baba yake mdogo, mama mkwe alisimama mlangoni na Ineza amemshika mkono.

"Mutoto iko wa huku. Anasoma huku."

Ineza alikuwa amevaa sare ya shule. Agneta alinyoosha kola yake, akamwambia asome, akapanda pikipiki bila kugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atashuka.

Huko Minago alipata kazi kwenye kinu cha mawese, kuchambua na kuchemsha chikichi. Ni huko mwili wake uliporudi. Alikuwa ameinama juu ya lundo la chikichi akahisi maumivu ya zamani yakimshika kiunoni, yale yale, halafu unyevu. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa mawese, na alipokwenda nyuma ya ukuta kujitazama, kwa muda hakujua kipi ni kipi. Wanawake wenzake, walioijua habari yake, walipiga vigelegele. Yeye alikaa chini kwenye makapi, akapiga ardhi kwa kiganja. "Ulikuwa wapi?" aliuliza. "Ulikuwa wapi?" Wenzake wakarudi kwenye chikichi.

Mwezi uliofuata damu ilikuja tena, nzito na yenye maumivu, na uliofuata ikaja kwa wakati wake. Habari haina miguu lakini ilifika Rumonge. Siku moja Lukeba alitokea kinuni na kitenge kipya ndani ya mfuko. Mambo na Riziki yalikuwa yamekwisha.

"Mama anasema sasa uko sawa," alisema. "Rudi nyumbani. Ineza anakulilia."

Alijua pa kupiga. Agneta alifuta mikono kwa majani. "Nitarudi leo hii. Jambo moja tu: tukifika, umwite mjomba wako, na mbele yake na mama yako useme kwa kinywa chako kwamba ulinipeleka. Nami sitalitaja tena maisha yangu yote."

"Si Kulthumu alishasema? Wote wanajua."

"Nataka useme wewe."

"Hayo iko mambo ya zamani, Mama Ineza."

"Basi chukua kitenge chako."

Alikichukua. Baba mdogo alimgombeza Agneta wiki nzima: mwanamke anaitwa nyumbani kwake, kwa mwanawe, anakataa kwa ajili ya neno moja! Agneta alimjibu lile lile, kwamba Lukeba aseme mwenyewe. Kuna siku jibu hilo halikumridhisha hata yeye mwenyewe.

Siku hizi, wanawake vijana wa kinuni wakienda kupanga uzazi, humwomba awasindikize. Hawakatazi. Hukaa nao kwenye benchi na kuwaambia wamuulize muuguzi juu ya siku ya kuacha kabla hawajanyoosha mkono.

Likizo iliyopita Ineza alikuja Minago. Amerefuka, na ameanza kuona siku zake, huko huko kwa bibi yake. Walikuwa wanachambua chikichi pamoja aliposema, bila kumtazama mama yake:

"Bibi anasema niangalie sana nisije kuharibu tumbo kama wewe."

Agneta alimweleza yote, kuanzia maji jikoni hadi mkeka wa sebuleni. Ineza alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliwahi kusikia watu wakisema, nikamuuliza baba kama alikupeleka," alisema.

"Akasemaje?"

"Hakumbuki."

Agneta aliokota chikichi iliyooza, akaitupa pembeni. "Mimi nakumbuka," alisema, na wakaendelea kuchambua. Jumamosi Lukeba alituma pikipiki, na Ineza akarudi Rumonge.