Mstari Niliouona Nikanyamaza

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Kasulu, mgeni kutoka Tanga, na kwa mambo ya kompyuta nilijiona sina mpinzani wilaya nzima. Kisha akaletwa mwalimu wa fizikia, binti wa Kibondo. Haukupita mwezi tukagundua tunapenda kitu kimoja: kusahihisha Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote duniani anaweza kutuma marekebisho yake kwa barua pepe.

Tulichagua draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi hiyo. Kuna programu inayosoma msimbo bila kuuendesha na kutoa maonyo. Maonyo yetu yalihusu vielekezi vinavyolindwa, yaani anwani za data inayoweza kubadilishwa na wengine huku wewe unaisoma. Sharti utangaze umeanza kusoma, usome, kisha utangaze umemaliza.

Mimi nilikuwa na haraka. Niliongeza maneno ya kuinyamazisha ile programu, nikatuma. Msimamizi wa draiva, mtu wa mbali nisiyewahi kumwona, akajibu kwamba nimeficha onyo, kosa liko palepale. Mwenzangu alichukua wiki tatu kufuatilia sehemu yake. Ikapokewa. Mkuu wa shule, asiyejua hata kielekezi ni nini, akampigia makofi mbele ya walimu wote. Nikapiga na mimi, lakini nikaacha kabla ya wengine.

Ijumaa moja, akijiandaa kwenda kumwona mama yake Kibondo, akanisogezea laptopu yake.

"Mwalimu, nipitie hii kabla sijaituma. Macho yangu yamechoka."

Nikaisoma. Pale data inapokosekana, msimbo ulirudi bila kutangaza kwamba umemaliza kusoma. Ulipungua mstari mmoja tu, na niliuona upesi kama ninavyoona alama ya kutoa iliyosahauliwa na mwanafunzi.

"Iko safi," nikasema. "Tuma."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Jumanne jibu likaja, wazi kwa kila aliyejiandikisha kwenye orodha ya barua pepe ya draiva ile. Kosa limeonekana. Ila swali la msimamizi lilinijia mimi, kwa jina langu: nilikagua nini hasa? Kumbe mwenzangu alikuwa ameniandika chini kabisa ya marekebisho yake kama mkaguzi, ili na mimi nionekane.

Akanifuata darasani baada ya kipindi, amenywea.

"Pole, Mwalimu. Nimekuponza."

Ningeweza kuipokea pole ile, na asingejua kamwe.

"Niliuona ule mstari," nikasema. "Niliuona Ijumaa."

Akanitazama. "Sasa mbona hukusema?"

"Wivu."

Akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa. Kisha akasema, "Basi mjibu yule bwana. Mwandikie hivyohivyo."

Nikaandika. Hakuna aliyenijibu. Yeye alisahihisha, akatuma upya bila jina langu, ikapokewa. Tuliendelea kusalimiana na kuazimana chaki, lakini laptopu yake hakunisogezea tena.

Mwaka uliofuata, kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, alipata kazi huko kwenye kompyuta za uandikishaji. Walimu walimwimbia wakimuaga, na hata siku hiyo wivu uliniuma. Nikambebea begi hadi stendi. Nilitaka kumwomba radhi vizuri, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga. Basi lilipowashwa nikamuuliza kama amekumbuka chaja.

"Ninayo," akasema, akapanda.