Tuliandika ni Kazi ya Shetani

Barua yenyewe niliitunga mimi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamlaumu mzee wa kijiji aliyeshika kalamu. Nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali, mguu wa kulia umefungwa kutoka pajani hadi kwenye vidole, na watu kumi na mmoja wamenizunguka: mume wangu, wamama watatu wa chama chetu cha kanisa, mzee wa kijiji, na watu wa upande wa dereva aliyenigonga. Upande huo ulikuja na mikate, sukari, maziwa ya mala na mchungaji wao. Dereva mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alisimama karibu na dirisha akitazama viatu vyake.

Kwetu Subukia ajali huzungumzwa kabla haijafika mbali. Watu hukaa, huomba, husameheana, kisha mzee huandika makubaliano na kila upande hutia sahihi. Siku hiyo tuliomba vizuri sana. Nikamshika dereva mkono nikamwambia nimemsamehe, akalia, nami nikalia. Mzee alipouliza aandike nini kuhusu chanzo cha ajali, chumba kizima kilinyamaza. Sasa mimi na kimya hatupatani. Nikasema, "Andika ni kazi ya Shetani. Hakuna mwenye makosa." Wamama wakajibu amina, nikasaini. Nilijiona mtakatifu kabisa, na dawa za maumivu nazo zilichangia.

Ukweli ni kwamba sikujua kilichotokea. Nilikuwa natembea kando ya lami nikielekea kwenye kibanda changu cha ushonaji, nimebeba kitambaa cha sare za shule. Pikapu ya kubeba maziwa ilinijia kutoka nyuma. Nilisikia mikebe ikigongana, kisha nikayaona majani karibu sana na macho yangu. Zaidi ya hapo sina ushahidi wowote.

Miezi minane baadaye mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari wa Nakuru alinionyesha picha, akasema lazima uvunjwe tena, unyooshwe, uwekwe chuma. La sivyo nisahau cherehani, maana changu ni cha kukanyaga na huo mguu haukuweza kukanyaga hata mende. Tulikuwa tumeshauza mtamba kwa sababu ya hospitali ya kwanza. Mume wangu akaanza kutaja kuuza kipande cha shamba, na alikuwa akilisema hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba shamba lingemsikia.

Aliyenitoa gizani ni wifi yangu, anayefanya usafi katika jengo moja la ofisi mjini Nakuru. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani hiyo gari haikuwa na bima?" Kesho yake akanipeleka kwa wakili katika jengo hilo hilo, mwanamke mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Wakili akasoma ripoti ya polisi, akasoma karatasi za daktari, akafika kwenye barua ya makubaliano. Aliisoma mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Mum, nimeshtaki makampuni. Nimeshtaki hata kaunti. Lakini huyu mmemtaja hapa hana anwani."

Nilicheka hadi mguu ukauma. Lakini alikuwa ananionya. Bima ingeishika barua ile kwa mikono miwili, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikisha kwamba hakuna mwenye makosa. Na dereva naye alikuwa ameandikisha polisi kwamba niliingia barabarani ghafla.

Kanisani habari zilifika kabla yangu. Mmoja wa wale wamama watatu aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama, ulisamehe kwa jina la Yesu. Sasa unashtaki kwa jina la nani?" Nilikasirika. Nilikuja kulipata jibu kwa wakili wangu, aliyesema kusamehe ni kati yangu na yule mtu, na bima ililipiwa kwa ajili ya siku kama ile. Lilikuwa jibu zuri, ila usiku wa kuamkia kesi halikunisaidia kulala.

Mahakamani wakili wa bima alikuwa na adabu, jambo lililonisumbua zaidi ya ukali. Akaisoma barua yangu kwa sauti, polepole, na nyuma kuna watu waliocheka ilipofika kwa Shetani.

"Ni wewe uliyesema hakuna mwenye makosa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa na akili timamu?"

"Akili nilikuwa nayo. Habari ndiyo sikuwa nayo."

Hakimu aliinamisha kichwa, nadhani kuficha tabasamu. Lakini jibu la kuchekesha halishindi kesi. Nilipoulizwa kama niliiona pikapu ikija, nilisema hapana. Nilipoulizwa dereva alikuwa akifanya nini, nilisema sijui, kwa maana sina macho kisogoni. Nilirudi kwenye benchi nikijua tumeshindwa, na shamba limekwenda. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa shahidi wao.

Akaitwa. Alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Hakuniangalia. Wakili wa bima akamuuliza alimwona wapi mama huyu kabla ya kumgonga.

"Sikumwona."

"Kwa sababu aliingia barabarani ghafla?"

Akashika ubao wa kizimba. "Hapana. Kwa sababu sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa naangalia simu."

Wakili akaanza kupekua faili lake kana kwamba jibu jingine lilikuwa limejificha humo. Hakimu akamwambia dereva arudie, naye akarudia.

"Ulikuwa unaangalia nini kwenye simu?"

"Video. Ya kuchekesha tu. Mathe huyu alikuwa kando kabisa. Ni mimi nilitoka barabarani. Hiyo maneno ya Shetani tuliandika, mimi nilikubali kwa sababu ilinisaidia. Kwa gari nilikuwa pekee yangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Na mimi, ambaye nilipaswa kurukaruka kwa furaha, nilihisi hasira imenipanda hadi masikioni. Mguu wangu, mtamba wangu, miezi yangu yote ile, kwa ajili ya kichekesho!

Hakimu aliamua kwamba makosa yote yalikuwa ya dereva, na kwamba barua yetu ilikuwa ya watu waliopatana, haikuwa ya kufuta haki yangu. Bima ilijivuta, lakini ililipa. Mguu ukavunjwa upya, ukanyooshwa, na leo naandika haya nikiwa nimetoka kushona sketi sita. Nawashukuru wengi: wifi yangu kwa swali lake, wakili wangu kwa ukali wake, mume wangu aliyejifunza kuchemsha githeri ya mahindi na maharagwe, ingawa sitasema aliijulia. Mungu namshukuru kila asubuhi ninapoteremsha miguu miwili sakafuni na yote miwili ikafika.

Na namshukuru dereva. Alipoteza kazi yake wiki ile ile, na sasa anabeba kabichi za tajiri mmoja wa Ndabibi kwa lori. Siku ile ya ushahidi nilimfuata nje nikichechemea na fimbo, nikamuuliza kwa nini alisema, wakati angeweza kunyamaza.

"Mathe, wewe ulinisamehe kabla hujajua nimefanya nini," akasema. "Nikaona ni kama nimekula chakula ya watu bila kulipa. Ilinikaa kwa tumbo."

Nilitaka kumwambia nimeshasamehe, yameisha. Lakini ningekuwa nadanganya. Siku ile hospitalini nilisamehe kitu nisichokijua, ndiyo maana kilikuwa chepesi. Sasa nilikuwa nimekijua, na kilikuwa kizito. Nikamwambia tu, "Asante kwa ukweli," nikaenda zangu.

Ilinichukua hadi baada ya upasuaji. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikijaribu kukunja goti, likakunjika, nikaona niliyokuwa nayaahirisha yametosha. Nikampigia simu ili nimwambie kwamba nimemsamehe, safari hii nikijua nasamehe nini. Iliita hadi ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika. Nikaketi na hasira ya kupuuzwa kwa dakika kama ishirini hivi, nikimtungia maneno.

Kisha simu ikaita.

"Pole mathe," akasema. "Nilikuwa naendesha."