Moyo wa Kitanda cha Sita

Mimi ni fundi wa mashine katika chumba cha kutibia mapigo ya moyo, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na watu wa kompyuta sikuwahi kuwapenda. Wanakuja na laptopu zao, wanaomba soketi, wanauliza maswali ya kitoto, kisha wanaondoka na vyeo. Kwa hiyo alipoletwa yule mama aliyefundisha hesabu sekondari kwa miaka tisa, nikaambiwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu ataufanyia kwetu, nilimwonyesha soketi nikarudi kwenye chai yangu. Tulimwita Mwalimu.

Miezi ya mwanzo alisimama nyuma yangu, akitaka kujua kila mstari unaopita kwenye skrini umetoka wapi. Nilimjibu kwa mkato. Akayaandika hata majibu ya mkato. Siku moja akaniita, "Kaka, njoo uone kitu." Kwenye kompyuta yake palikuwa na moyo unaozunguka taratibu, una kovu la kijivu, na wimbi la umeme linatambaa juu yake, likifika kwenye kovu linapenya kichochoro chembamba na kurudi lilikotoka.

"Wa nani huo?"

"Wa yule mzee mwoka mikate, kitanda cha sita. Nimeujenga kutoka kwenye picha zake."

Mzee huyo alikuwa amepata shambulio la moyo miaka ya nyuma, likamwachia kovu. Sasa kila umeme wa moyo ulipojizungusha kwenye kile kichochoro, mapigo yalikimbia hadi mia mbili kwa dakika, naye akaanguka chini pembeni ya tanuri lake. Dawa yake ni daktari kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, akichome kichochoro chenyewe. Shida ni kukipata, maana daktari hukitafuta kwa kugusagusa, sehemu baada ya sehemu. Mwalimu alisema kompyuta inaweza kukionyesha kabla mgonjwa hajalala mezani.

"Nimeuua moyo huu mara mia mbili na kumi," akaniambia, tena kwa haya, "ili nijue unakufaje."

Mimi niliyezoea kuona mioyo kama vivuli tu, nikaomba auzungushe tena.

Lakini maprofesa hawali maneno matupu, walitaka ushahidi. Mwalimu akatunga kanuni mwenyewe: kabla ya tiba anaandika mahali pa kuchoma, anafunga bahasha, na daktari anatafuta kwa njia yake bila kujua. Bahasha inafunguliwa daktari akimaliza. Mwalimu akitamka neno kabla ya hapo, mgonjwa huyo anafutwa kwenye utafiti. Alihitaji wagonjwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa wameshatibiwa. Mwoka mikate ndiye aliyebaki, na kumpata mwingine kama yeye ni kazi ya karibu mwaka mzima, wakati likizo yake ya masomo ilikuwa imebakiza miezi miwili.

Asubuhi ya tiba, daktari alichoma mahali pa kwanza. Tukauchokoza moyo kwa umeme kidogo kuujaribu, mapigo yakakimbia. Akachoma pa pili, yakakimbia tena, shinikizo la damu likashuka, ikabidi tumpige mzee shoti ya umeme. Ikaja shoti ya pili, na ya tatu. "Najaribu upande wa kulia," daktari akasema kwa sauti iliyochoka. "Ikishindikana, namtoa."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa nyuma yangu, mbele ya kioo kinachotutenga na meza ya tiba, bahasha kaibana kifuani, midomo imekauka. Nikawaza, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Papo hapo nikaona aibu kuwaza hivyo.

Akainama juu ya bega langu, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Daktari, si kulia. Chini kushoto, ukingo wa ndani wa kovu, karibu na vali."

Daktari akageukia kioo. "Mwalimu, unajua unachofanya?"

"Najua. Pachome."

Daktari akayaamsha mapigo mabaya mara moja zaidi, akasogeza waya, akachoma. Nikahesabu. Kwenye sekunde ya tano ile mistari iliyokuwa ikikimbia ikakatika. Pakawa patupu. Kisha likaja pigo moja, halafu jingine, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Kwa robo saa daktari akajaribu kuuchokoza moyo kwa kila mbinu aliyoijua, ukagoma. Mahali padogo kama punje ya dengu, na mwalimu wa hesabu amepaona akiwa amekaa kwenye kiti kibovu, katika moyo ambao hajawahi hata kuugusa! Nikasema "Mungu wangu" kwa sauti, na wala sikujali nani kanisikia.

Mwalimu alikwishafungua jedwali lake na kukata mstari wa kumi na mbili. Nikawaka. "Lakini umepatia!"

"Nimepatia, kaka. Ila daktari alishaambiwa. Huo si ushahidi."

"Basi kanuni yenyewe ya kijinga!"

"Niliitunga mimi," akasema.

Utaratibu unataka mgonjwa anayefutwa aambiwe. Kesho yake tukaenda wodini pamoja. Mzee alisikiliza, uso ukamshuka.

"Nimefeli wapi, Mwalimu? Masharti yote nilifuata."

"Hujafeli, baba. Umepona kabla sijaruhusiwa kukusaidia."

Sidhani kama alielewa, ila alicheka, akanyoosha mkono. "Haya, nishike basi, uone kama kweli."

Mwalimu akasita. Miaka minne ya kusomea mioyo, na hakuna aliyewahi kumfundisha kushika mkono wa mgonjwa. Nikavichukua vidole vyake, nikaviweka kwenye kifundo cha mkono wa mzee, pale pigo la moyo linapodunda. Midomo yake ikaanza kuhesabu, ikaacha, na machozi yakamtoka bila kuuachia ule mkono.

"Ndio huu," akaniambia. "Kaka, ndio huu."