Jicho Nililomtupia Lena

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, pale Small Heath, mtaa wa Birmingham, nilimchukia msichana wa Kirusi wa nyumba ya jirani kwa moyo wangu wote, na sioni haya kuandika hivyo.

Jina lake Lena, miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa muuguzi, wamehamia kwa sababu ya kazi. Kwao Lena alikuwa ameanza baiathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ski na kulenga shabaha kwa bunduki. Theluji ya Birmingham haifuniki hata kiatu, basi akajifua kwenye bustani ya mtaa kwa ski zenye magurudumu. Akimaliza mzunguko hulala kifudifudi, akaelekeza fimbo kwenye alama tano za chaki ukutani, akizuia pumzi kwa kila moja. Wapita njia walimwona punguani.

Baba hakumwona punguani. Yeye ni dereva wa teksi, aliwahi kukimbia alipokuwa shule huko Garissa, na kila Jumamosi alisimama na saa yake akimpimia Lena muda. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa shule yangu. Hakuja kunitazama hata siku moja. Nyumbani ilikuwa Lena asubuhi, Lena jioni, tazameni mtoto wa watu anavyojituma. Na mimi nilikuwa mtoto wa nani?

Nyanya aliiona chuki yangu mapema. Akaniambia nina jicho baya, na kwamba mwenye jicho akimsifu mtu bila kutamka Mashallah, sifa ile humdhuru. Nia yake ilikuwa kuniusia nichunge mdomo. Kumbe amenipa silaha.

Jumamosi ya mwisho kabla Lena hajaenda Urusi kwenye mchujo wa timu ya vijana, tulikwenda wote kumtazama. Njia ilikuwa imejaa majani yaliyoloa. Alipopita mbele yetu nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, kwamba ni hodari kuliko wote na hakuna wa kumweza. Akatabasamu.

"Sema Mashallah," Nyanya akaniambia.

Nikafumba mdomo.

"Amina, sema. Usimfanyie hivyo mtoto mwenzio."

Nikamkazia Lena macho tu.

Kwenye kona gurudumu likateleza, Lena akaangukia mkono wa kulia. Mfupa tuliusikia. Baba alimbeba hadi kwenye teksi akamkimbiza hospitali, na mchujo ukapita bila yeye. Nyanya hakunipiga. Aliniogopa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku ile, nikiingia penye mtoto mchanga, alimfunika mtoto uso kwa mtandio wake.

Lena alirudi kwao akaanza upya katika timu ya mkoa, akishindana na wasichana wadogo kuliko yeye. Msimu wa pili wakamchukua timu ya vijana. Mama yake, aliyebaki Birmingham, alimletea Baba picha yake, Baba akaitundika sebuleni, na mimi ndiye niliyeifuta vumbi kila Ijumaa. Niliifuta kwa hasira.

Leo mimi ni mtu mzima. Najua majani yaliyoloa yanavyoteleza, wala siamini kwamba maneno yangu yalivunja mkono wa mtu. Nyanya alikufa akiamini nina jicho, nami nikamwacha aamini. Ningeweza kumwambia ni majani tu. Lakini angeniuliza kwa nini basi nilifumba mdomo, na ningelazimika kumwambia kwamba nilipousikia mfupa ule, nilifurahi.