Shimo la Ndizi Kule Sikuda

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo naikumbuka kwa pua kabla ya macho. Tulikuwa Sikuda, kijiji kilicho jirani na mpaka wa Kenya, kwa kukhu, bibi yangu mzaa baba. Jumamosi wakwe walikuwa wanaleta mahari ya dada yangu, na kukhu alikuwa amezifukia ndizi shimoni ziive, tuzikamue tutengeneze pombe ya wageni. Shimo lilifunikwa majani ya migomba, na kando yake palikuwa na mfereji wa kuingizia moshi wa kuziivisha. Ah, harufu ya moshi ule! Siku hizi naitafuta siipati.

Ndizi zikakawia. Binamu yangu Ouma, kibarua wa fundi wa kuchomelea vyuma upande wa Kenya, akaja na mawe ya kabaidi, yale ya kutolea gesi ya kuchomelea, akayatumbukiza humo kimya kimya. Nilipopita nikanusa kitu kama kitunguu saumu.

"Ouma, umetia nini humu?"

"Dawa. Kesho utaziona, njano tupu!"

Hapo hapo kukhu akatokea na kigae chenye makaa, aongeze moshi.

Shuleni tulikuwa tumetoka kusoma kaboni, yenye mikono minne ya kushikia wenzake. Ndizi inayoiva hutoa ethilini, kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili. Kabaidi ikipata unyevu hutoa asetilini, kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono mitatu. Zote mbili huivisha ndizi. Lakini asetilini ikijaa shimoni, cheche moja yatosha kulipua.

Kwetu mjukuu hamkamati bibi yake. Nilimkamata mkono kwa nguvu.

"Unanishika mimi? Ndiyo shule hiyo?"

"Kukhu, usitie moto! Italipuka!"

Ouma akacheka. Kisha akakiona kigae, kicheko kikamkauka. "Kukhu, wacha," akasema. "Nimeweka kabaidi."

Kukhu alirudi nyuma, akayazima makaa mbali kabisa. Tulifunua majani, tukauachia upepo kazi. Ndizi tulizitupa kwa kuogopa sumu ya kabaidi, na Jumamosi wakwe wakanywa chai badala ya pombe, wakatutania mpaka wakachoka.

Walipoondoka, kukhu aliniita. "Uliniudhi," akasema. "Lakini ningeungua uso huu. Siku nyingine nishike mapema."

Basi mwanangu, waheshimu wakubwa zako, lakini heshima isikuzibe mdomo ukiona hatari. Unachojifunza darasani, njoo nacho jikoni na shambani. Na usichanganye njia mbili za kazi kabla hujamuuliza anayeijua kila moja. Mungu akupe pua kali na ulimi usiochelewa, na wazee wako wakae nawe miaka mingi, nyuso zao zikiwa nzima.