Nilimkana dada yangu wa damu mbele ya bosi, siku aliyonitembeza Durban

Wakuu, nawasalimu wote, wenye akaunti na nyie mnaosoma kimya kimya bila kulogin.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naumaliza. Majina nimebadilisha, mambo yenyewe sijayagusa. Mkifika chini mtaona kwamba kama ningetaka kuongeza chumvi, ningeiongeza upande wa kujipendelea, na huku hakuna.

Nafanya kazi kampuni moja ya bima Dar. Mwaka huu tulipelekwa Durban kwenye training ya siku tano. Tulikuwa wanne: bosi wetu, nitamwita Bwana Lyimo, Happy wa uhasibu, Deo wa IT, na mimi.

Durban nina dada. Zuhura. Yeye ndiye wa kwanza kwetu, mimi kitinda mimba. Aliondoka Morogoro nikiwa form two, baba ameshafariki, na kilichonifikisha chuo ni mikono yake. Hapo sitaeleza sana. Wenye dada wa namna hiyo mnaelewa.

Anafanya kazi Mobeni, eneo la viwanda, kwenye ghala la samaki wa barafu. Anapanga maboksi. Anaishi Greyville, chumba kimoja na mama wa Kikongo anayesuka nywele, Mama Deborah.

Sasa sikilizeni.

Ofisini hakuna aliyejua hayo. Wiki ya kwanza nilipoajiriwa, tukiwa lunch, kila mtu akawa anataja ndugu zake walioko nje. Mmoja ana kaka daktari Uingereza, mwingine ana shangazi ubalozini. Ilipofika zamu yangu nikasema dada yangu ana kampuni ya clearing and forwarding, Durban.

Ilinitoka tu. Na uongo ukishautoa unabaki unautunza kama mfugo.

Kwenye ndege bosi akaniambia, "Tukifika tumtembelee huyo dada yako, tumsalimie." Nikajibu fasta kwamba wiki hiyo yuko Johannesburg kikazi.

Jumatatu mpaka Ijumaa tukasoma. Jumamosi ilikuwa free. Wenzangu wakapanga kwenda mall moja kubwa nje kidogo ya mji, kushinda huko mpaka jioni. Nikasema tumbo halipo sawa, nabaki hotelini. Walipoondoka tu, nikampigia Zuhura, Da Zu ninavyomwita.

Akaja saa nne na nusu.

Wakuu, alikuja na koti la bluu la kazini, lile lenye mistari inayong'aa. Kumbe aliomba aingie zamu alfajiri kabisa ili aruhusiwe mapema. Begani ana begi la baridi, yale ya kubebea chakula.

"Nilitaka nipite nyumbani nibadilishe, nikaona nitakuchelewesha, babu," akasema. Ananiita babu kwa sababu nimepewa jina la babu yetu. Akanikumbatia pale pale mapokezi, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichowaza ni harufu ya samaki.

Tukatoka kwa miguu. Kiswahili chake kimeshakuwa cha kule, nusu Kikongo. "Pale kwa robot tunavuka," anamaanisha taa za barabarani. "Leo program yote iko kwangu, wewe fuata tu."

Akanipeleka soko la viungo, yale marundo ya pilipili na binzari yaliyochongwa kama vilima. Akanipitisha kwenye maduka ya simu ya Wakongomani. Na kila anayemfahamu tuliyekutana naye, alisimama akanitambulisha.

"Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Iko na degree. Kampuni yake imemleta huku kwa ndege."

Jamaa anayetengeneza simu akaacha kazi, akanipa mkono. "Ah, ndiye huyu sasa. Huyu mama anatuchosha na habari yako kila siku."

Da Zu akacheka. Sikuwahi kumwona amefurahi vile tangu utotoni.

Saa saba tukafika kwenye uwanja wa mpira, ule wenye tao kubwa la chuma juu yake. Kuna kijigari kinachopanda na lile tao mpaka kileleni, unaona Durban nzima. Da Zu akatoa tiketi mbili mfukoni. Alikuwa ameshanunua.

Nikamuuliza kule juu kukoje.

"Sijawahi kupanda," akasema. "Miaka kumi na nne napita hapa chini. Nilisema nitapanda siku mtu wa kwetu akija."

Tulikuwa tumeshakaa kwenye foleni niliposikia nyuma yangu, "Wee, si ulikuwa unaumwa?"

Nageuka, ni Deo. Nyuma yake Happy. Nyuma yao Bwana Lyimo na miwani ya jua. Mall waliichoka mapema.

Nikasema tumbo limetulia, nikaona nisipoteze siku. Bosi akamwangalia Da Zu, lile koti, lile begi. Akamsalimia kwa adabu, "Habari dada," kisha akaniangalia akisubiri nimtambulishe.

Wakuu, zilikuwa kama sekunde mbili. Mpaka leo nazirudia kichwani. Ningeweza kusema "huyu ni dada yangu," wangeshangaa kidogo, pengine wangenicheka wiki moja, ingeisha.

Nikasema, "Huyu ni guide. Nimempata hotelini, Mtanzania mwenzetu. Ananitembeza."

Da Zu aliniangalia.

Hakushtuka. Aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akageuka kwa bosi, akatabasamu, akasema, "Karibuni Durban, wageni. Mimi naitwa Zuhura. Natembeza watu."

Nilidhani hapo ndiyo mwisho. Bado.

Deo akaenda dirishani kukata tiketi, akarudi anasikitika. Upepo unaongezeka, wanafunga baada ya safari hii, na nafasi zimebaki mbili tu. Wao wako watatu.

Bosi akasema basi yeye atabaki. Happy akasema hapana, abaki yeye. Wanabishana kistaarabu pale, na mimi nimeshika tiketi yangu, naangalia viatu.

Da Zu akanyoosha mkono. "Bosi, chukua hii yangu. Mimi ni mtu wa hapa, nitapanda siku nyingine. Mabegi niachieni mimi."

Bosi akaipokea.

Ningeweza hata kutoa yangu. Kusema tumbo limerudi, nikabaki naye chini. Hata hilo halikunijia. Nilikuwa nashukuru moyoni kwamba tatizo limeisha.

Tukapanda. Mji ulifunguka chini yetu, bahari upande mmoja, bandari na meli zake kule mbele, vilima vya nyumba nyuma. Wenzangu wanapiga picha. Mimi nilitazama chini. Nilimwona kwenye benchi, alama ndogo ya bluu, mabegi yetu kayapanga kando yake. Ameinua uso, kiganja juu ya macho. Halafu akapunga mkono.

Deo akasema, "Guide wako anatupungia."

Wenzangu watatu wakampungia. Mimi sikupunga.

Tuliposhuka tulikuwa na njaa. Da Zu akafungua lile begi la baridi. Chapati, samaki wa kukaanga na kachumbari, vimefungwa kwa kitambaa. Vilikuwa vyangu na yeye. Akawapa wote. Bosi akala mpaka akalamba vidole, akasema, "Huyu guide ana huduma mpaka ya chakula. Umempata wapi huyu?" Tukacheka. Nilicheka na mimi.

Tukatembea njia ya ufukweni. Alieleza kila kitu vizuri, kuliko guide wa kweli. Alitupiga picha wanne tumesimama pamoja. Hakuna picha yoyote ya siku ile ambayo yeye yupo.

Kwenye gati upepo ulikuwa mkali. Nikakohoa. Da Zu alikuwa mbele anaonyesha meli, akageuka bila kufikiri, "Babu, funga koti, kifua hicho."

Utotoni nilikuwa na pumu. Yeye ndiye aliyekuwa ananibeba mgongoni mpaka hospitali.

Akajirekebisha hapo hapo. "Samahani kaka, upepo wa huku mbaya kwa wageni." Deo na bosi hawakuona kitu. Happy aliniangalia, kisha akamwangalia yeye.

Jioni tukaagana karibu na kituo cha taxi, vile vibasi vyao. Bosi akatoa noti, akaikunja, akampa. Dada yangu akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kwetu.

"Asanteni sana. Safari njema, wageni."

Wageni. Na mimi nikiwemo.

Usiku ule nilitakiwa kwenda Greyville. Mama Deborah alikuwa ameahidi kupika pondu na fufu, yaani kisamvu na ugali wa kwao, ili anione. Bosi akasema tule wote hotelini, nikamtumia Da Zu meseji kwamba sitaweza. Akajibu, "Usijali umechoka. Pumzika."

Jumapili nikampigia nikiwa airport. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza, "Da Zu, kuhusu jana."

Akanikata. "Jana tulitembea vizuri. Sasa niambie, kule juu iko namna gani? Bahari inaonekana mpaka wapi?"

Nikamwelezea. Nilisimama pale karibu na geti watu wakinipita, namweleza dada yangu mji anaoishi yeye. Alikuwa anauliza maswali. Mobeni inaonekana? Greyville je, ile sehemu ya mbio za farasi? Nikajibu yote. Ile samahani niliyokuwa nimeiandaa nikapanda nayo ndege.

Kwenye ndege Happy alikaa pembeni yangu. Tukiwa angani akasema taratibu, "Yule ni ndugu yako."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi usinieleze," akasema. "Wa kumweleza ni yeye." Akafunga macho, akalala au akajifanya kulala.

Baada ya wiki mbili nikaenda Morogoro kumwona mama. Nimekaa jikoni, mama anachambua mchele, uso una furaha ya ajabu.

"Zuhura alinipigia," akasema. "Kaniambia mambo yako. Kwamba umemtambulisha kwa wakubwa zako wote, huyu ni dada yangu, ndiye aliyenisomesha. Kwamba bosi wako mwenyewe kampa mkono. Mwanangu, umenilipia machozi yangu yote."

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba. Nina miaka thelathini, wakuu, nililia nimeshika ukuta.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa bosi nikafunga mlango, nikamwambia yote, kuanzia ile kampuni ya clearing. Sikupunguza.

Alichosema Bwana Lyimo sikukitarajia.

"Umenifanya nimpe dada yako bakshishi. Nimekula chakula chake na nimepanda kwa tiketi yake, halafu nikamwachia noti kama mhudumu. Mimi nina dada pia. Sasa hiyo nitaifuta vipi?"

Akaniambia nitoke. Hakunifukuza kazi, hakunipigia kelele. Ila mpaka leo tukikutana kwenye korido anaongea na mimi mambo ya kazi tu, na ana haki.

Jioni ile nikampigia Da Zu. Nikamwambia nimeshamweleza bosi, na kwamba naomba anisamehe. Safari hii sikumpa nafasi ya kunikata.

Nikasikia magari ya Greyville na sauti ya Mama Deborah akiongea na mteja. Halafu akasema, "Mimi nilielewa pale pale. Ulikuwa unaogopa. Nilikujua hivyo tangu mdogo, ukiogopa unasema kitu chochote."

Nikauliza kama ameumia.

"Eish. Nimeumia. Unataka nikwambie hapana?"

Kisha akasema jambo jingine. "Mama usimwambie. Hilo niachie mimi, ni langu."

Basi wakuu, mama hajui. Kila nikienda Morogoro anawahadithia majirani nilivyomtambulisha dada yangu kwa wakubwa, na mimi nakaa pale nasikiliza sifa ya kitu ambacho sikukifanya. Nadhani hiyo ndiyo adhabu yenyewe, na inatosha.

Nilichojifunza? Watu wengi humu wataandika kuhusu uongo. Mimi nadhani uongo ulikuwa mdogo. Kikubwa ni kwamba nilikuwa namwonea aibu mtu ambaye yeye alikuwa anaringa na mimi mji mzima. Asubuhi ile alinitambulisha kwa watu zaidi ya kumi. Mimi nilitakiwa kumtambulisha kwa watatu tu.

Mwezi ujao nina likizo. Nimemwambia nataka kurudi Durban, kwa nauli yangu. Alifikiri kidogo, akasema, "Njoo. Ila safari hii njoo peke yako."

Sijui kama hayo ni msamaha au ni tahadhari. Wenye uzoefu wa kumuumiza ndugu wa namna hii, mlifanyaje mpaka mkaweza kumtazama usoni? Na wanaotaka kunisema, semeni, nasoma zote.